Yadi Ngapi Zinatosha? Kupima Umbali wa Haki Kabla ya Kumfyatulia Kulungu

“Mjomba, huu upinde wanasema unafika yadi mia. Sasa mimi nipige kutoka yadi ngapi?” Swali hilo nililetewa na mpwa wangu anayeishi Ohio, ambako hupima kwa yadi, na yadi moja haifiki mita kamili. Tangu nirudi Nakuru nimelisikia pia kwa vijana wengine wa huku waliohamia Marekani na kukuta majirani wao wakiwinda kila vuli. Upinde ufike wapi, hilo ni la aliyeutengeneza. La kwako ni umbali ambao mshale wa kwanza, wewe ukiwa umevaa koti zito na moyo unakudunda, utaingia pale pale ulipokusudia. Umbali huo kila mtu ana wake, na hupatikana kwa kupima kabla msimu haujafunguliwa.

Nitangulize jambo moja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 bado inaukataza. Ninayoandika ni ya mtu aliye Ohio au jimbo jingine linaloruhusu, mwenye leseni na aliyehitimu kozi ya usalama. Huku Nakuru tunachoweza kufanya ni kuzoeza macho, nami nitaeleza jinsi ya kufanya hivyo.

Upinde ninaousema ni ule wenye kitako, darubini na kifyatulio. Kwa kuwa unashikwa kama bunduki, mtu huanza kuuamini kama bunduki, na hapo ndipo mnyama anapoteseka. Mshale huua kwa kukata. Kigumba, yaani ncha ya mshale, chenye nyembe kinapita kwenye mapafu au moyo, damu inamwishia, anaanguka karibu. Kikipita kwenye utumbo, kulungu huyo huenda akateseka kwa saa nyingi, na huenda usimwone tena. Kwa kulungu mwenye mkia mweupe aliyekomaa, mahali pa haki ni duara la sentimita 20 hivi, nyuma kidogo ya mkono wa mbele, chini ya nusu ya kifua. Pima kila kitu kwa duara hilo.

Basi chukua sahani ya karatasi ya upana huo, ibandike kwenye shabaha, na uanze yadi 20. Tumia vigumba vile vile utakavyowindia, kwa sababu vyenye nyembe haviruki sawa na vile vya mazoezi. Keti kama utakavyoketi kwenye dungu, yaani jukwaa la mtini la kuvizia, vaa koti na glavu, panda ngazi au kimbia kidogo kwanza. Kisha piga mshale mmoja tu. Huo wa kwanza ndio unaohesabika. Wa tatu na wa nne, mkono ukishapata moto, hupendeza lakini hutakuwa nayo porini. Rudi kesho, piga mwingine mmoja. Ikiwa kwa siku nyingi mfululizo hakuna uliotoka nje ya sahani, rudi nyuma yadi tano. Siku mshale utakapogusa ukingo, umefika kikomo cha mikono yako. Toa yadi kumi. Kinachobaki ndicho umbali wako wa shabaha isiyosogea, na kulungu si shabaha isiyosogea.

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo ninapotofautiana na wanaouza pinde.

Chukua upinde unaorusha mshale kwa kasi ya futi 350 kwa sekunde, ambao si wa pole hata kidogo. Ni kama mita 107 kwa sekunde. Sauti husafiri takriban mita 343. Kwa hiyo ugwe ukilia, sauti inamfikia kulungu kabla ya mshale, popote alipo. Akiwa yadi 20, pengo kati ya sauti na mshale ni kama sehemu moja ya nane ya sekunde, na kabla mwili wake haujaitika mshale umeshapita. Akiwa yadi 40, pengo linakaribia robo ya sekunde. Yadi 60, ni zaidi ya theluthi. Kulungu akishtuka hukunja miguu kwanza apate nguvu ya kuruka, yaani mwili unashuka. Kitu kilichoachiliwa kianguke hushuka takriban sentimita 20 katika moja ya tano ya sekunde, na hilo ni duara letu lote. Ulilenga moyo, mshale unapita juu ya mapafu au kwenye uti wa mgongo. Hujakosea kulenga, ila mnyama hayupo tena pale ulipolenga. Ukinunua upinde wa futi 400 utapunguza pengo hilo kidogo tu. Hakuna upinde unaoishinda sauti.

Ndiyo maana nasema umbali wa haki husomwa pia kwenye mwili wa kulungu. Tazama masikio na mkia. Akila mbegu za mwaloni huku mkia unapepea polepole na masikio yanageuka huku na huku, ametulia. Akiinua kichwa ghafla, masikio yote mawili yakaelekea upande wako, akapiga kwato moja ya mbele ardhini, amekushuku. Aliyetulia nampiga hadi yadi 30. Aliyeshuku, hata akiwa yadi 25 namwacha. Na ule mtindo wa kumlilia kwa sauti ili asimame ndipo ufyatue, uwe nao wa karibu sana, yadi 15 au 20. Ukimwita akiwa 35, umemwamsha mwenyewe, kisha unamtumia mshale unaochelewa.

Sasa macho. Kukosea yadi kumi kwa kukadiria ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na kosa lake si dogo. Upinde huo wa futi 350 ukiwa umerekebishwa ugonge pale unapolenga kwa yadi 30, halafu kulungu yuko 40, mshale utapita chini kwa sentimita 13 hivi au zaidi. Hapo unavunja mkono au unakwangua kidari. Kwa hiyo nunua kipimio cha umbali cha leza kabla ya kununua darubini ya bei. Lakini leza haitakusaidia kulungu akitokea kwenye kichaka na una sekunde tatu, na kunyanyua mkono kutamkimbiza. Jicho lazima lijue.

Kipimo cha kwanza nakipata kwenye uwanja wowote wa mpira, hata ule wa shule ya msingi. Kutoka mstari wa goli hadi mstari wa kumi na nane ni yadi 18 kamili, mita 16 na nusu. Simama golini uangalie mstari ule mpaka uukariri. Huo ni umbali mzuri wa kulungu. Ukiuongeza mara mbili unapata yadi 36, na kwa watu wengi hapo tayari ni mbali mno.

Kipimo cha pili tunacho hapa hapa, Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Nikienda na vijana wanaojiandaa kusafiri, tunabaki ndani ya gari kama sheria inavyotaka, tunazima injini kando ya migunga ya gome la njano, na kila mmoja anataja umbali wa swala pala aliye mbele kabla ya leza kusema. Swala pala ana kimo kinachokaribia cha kulungu wa Ohio, kwa hiyo jicho linajifunza kitu cha kweli. Kisha nawageuzia kuro. Dume la kuro ni kubwa zaidi, na karibu kila mtu anasema yuko karibu kuliko alivyo. Ohio utakutana na mtego huo huo ukimwona dume mwenye pembe pana baada ya majike kupita asubuhi nzima. Kule ufukweni, palipo wazi na jua kali, mnyama huonekana karibu. Ndani ya miti, jioni, akionekana nusu tu, huonekana mbali. Kulungu wengi utakaowaona watakuwa ndani ya miti jioni, basi jifunzie hapo zaidi.

Ukifika kwenye dungu lako, pima kabla ya kuketi. Lenga leza kwenye shina moja la yadi 15, jingine la 20, jiwe la 25, mwaloni wa 30. Taja kila kimoja kwa sauti ya chini mpaka kikae kichwani. Mwaloni wa 30 uwe mpaka: akiwa ng’ambo yake, upinde unabaki mapajani. Uamuzi huo ufanye saa hizo, damu ikiwa imetulia, kwa sababu dume kubwa likitokea hutakuwa hakimu mzuri.

Watu huhangaika sana na urefu wa dungu. Ukiwa mita sita juu na kulungu yuko mita 18 kutoka mguu wa mti, umbali kutoka jichoni mwako hadi kwake ni kama mita 19. Tofauti hiyo haibadilishi kitu. Kinachobadilika ni njia ya mshale ndani ya mwili. Akija chini yako kabisa, mita tano tu, mshale unaingia kwa mwinamo mkali na unaweza kukata pafu moja peke yake, naye akaenda mbali sana na pafu lililobaki. Kwa hiyo karibu mno nako kuna mpaka. Msubiri asogee, akupe ubavu, au ubavu huku akielekea mbali nawe kidogo. Akikutazama uso kwa uso, mwache.

Mwanga ukipungua, punguza na yadi. Sheria ya Ohio inaruhusu kuwinda hadi nusu saa baada ya jua kutua, lakini darubini yaweza kung’aa wakati jicho lako tupu halioni tena matawi madogo yaliyo njiani, na tawi la unene wa penseli linatosha kuugeuza mshale. Nikishindwa kuuona mwaloni wa 30, napiga hadi 20 tu. Nikishindwa kuliona shina la 20, naondoa mshale na kuushusha upinde kwa kamba kabla sijagusa ngazi. Usiufyatue mtupu ili kuulegeza, unaweza kuvunjika mikononi mwako. Nikishafika chini, narudishia mshale wa mazoezi na kuupiga kwenye mfuko wa shabaha nilioacha kwenye mguu wa mti.