Somo: Kuomba nafuu ya kodi ya halmashauri unapokwama kifedha England

Hadi Machi 2013 nafuu ya kodi hii, ambayo wengi wetu tunaiita kodi ya kaunsili (council tax, kodi ya makazi inayolipwa kwa halmashauri), ilikuwa na kanuni za kitaifa. Tangu Aprili mwaka huo kila halmashauri ya England hujitungia mpango wake kwa watu wasiofikia umri wa pensheni, ndiyo maana jirani wa ng'ambo ya barabara, akiwa chini ya halmashauri nyingine, anaweza kusamehewa yote huku wewe mwenye kipato kilekile ukidaiwa sehemu.

Hatua ya kwanza: hesabu watu wazima waliomo nyumbani. Ukiwa peke yako unastahili punguzo la asilimia 25, hata kama mshahara wako ni mnono, na mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi.

Hatua ya pili: omba nafuu ya kipato cha chini kwenye tovuti ya halmashauri, ukiambatisha hati za mshahara na taarifa za benki. Kuomba Universal Credit (msaada wa serikali kuu kwa wenye kipato cha chini) hakutoshi, kwa kuwa haya ni maombi mawili tofauti. Usichelewe, maana miezi iliyokwisha kupita ni vigumu kuirudisha.

Hatua ya tatu ndiyo isiyojulikana na wengi. Kifungu cha 13A(1)(c) cha sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1992 kinairuhusu halmashauri kupunguza kodi kwa kiasi chochote, hata kuifuta kabisa, pale inapoona inafaa. Andika barua ukitaja kifungu hicho kwa namba yake (barua isiyokitaja hujibiwa kwa urahisi kwamba mpango hauruhusu), kisha eleza kilichotokea, mapato na matumizi ya mwezi, na kiasi unachoomba. Ukikataliwa, iandikie halmashauri tena ukipinga uamuzi huo; ikishikilia msimamo, au miezi miwili ikipita bila jibu, unaweza kukata rufaa bila ada katika baraza huru liitwalo Valuation Tribunal.

Ombi halisimamishi bili. Endelea kulipa unachoweza na uiarifu halmashauri, kwa sababu awamu ikikosekana huja onyo la siku saba, na ukilipuuza unaweza kudaiwa kodi yote ya mwaka iliyobaki, kisha kuitwa mahakamani na kuongezewa gharama.

Maswali ya wanachama

Swali: Viza yangu inanikataza fedha za umma. Niombe?
Jibu: Nafuu ya hatua ya pili imo katika orodha ya fedha za umma, kwa hiyo usiiguse. Punguzo la asilimia 25 halimo. Kuhusu hatua ya tatu, muone kwanza mshauri wa uhamiaji.

Swali: Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kwa miezi mitatu. Nitapoteza punguzo?
Jibu: Ikiwa makazi yake makuu bado ni Tanga, hahesabiwi. Akihamia moja kwa moja, iarifu halmashauri ndani ya siku 21.

Swali: Deni la mwaka jana je?
Jibu: Liandike katika barua ya hatua ya tatu, kwani kifungu hicho hakibagui mwaka.