Umelipa deni, lakini jina bado liko CRB? Soma kabla hujapanga foleni

Nililipa mkopo wangu uliochelewa, nikamshukuru Mungu, nikausahau. Miezi minne baadaye niko kwenye Sacco naomba mkopo, afisa ananigeuzia kompyuta nijionee: bado mimi ni mdaiwa sugu. Kumbe kulipa ni kazi moja na kulitoa jina ni kazi nyingine.

Anza na ripoti. Hapa Kenya kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya kutunza rekodi za mikopo, yaani CRB, ni tatu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kisheria una haki ya ripoti ya bure mara moja kwa mwaka. Omba kwa zote tatu, kwa sababu unaweza kuwa msafi kwa moja na mchafu kwa nyingine. Kujisajili ni kitambulisho, simu na barua pepe, sina la kuongeza hapo. Kwenye ripoti, nakili namba ya akaunti ya kila mkopo wenye doa. Angalia pia kama ulistahili kuandikwa: mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina lako, na tangu 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi.

Sasa tuje nilipoumia. Nilikuwa nimelipa kiasi kile kile kilichokuwa kwenye ujumbe wa simu. Ujumbe ulikuwa wa juzi yake, na riba hailali. Zikabaki shilingi 43. Kwa hizo shilingi 43 akaunti haikufungwa, adhabu zikaendelea kupanda juu yake, na hakuna aliyenipigia simu, watu wale wale waliokuwa wakinipigia alfajiri nilipokuwa nadaiwa zaidi. Kwa hiyo uliza salio la siku hiyo hiyo unayolipa, lipa, kisha omba taarifa ya akaunti inayosoma sifuri. Ikisoma hata shilingi moja, hujamaliza.

Halafu dai barua ya kuthibitisha kwamba deni limelipwa lote, na uisome ukiwa bado pale kaunta. Yangu ilikuwa na tarakimu mbili za kitambulisho zilizopishana. Niligundua nikiwa tayari kwenye matatu. Niliporudi, foleni ilikuwa mpya na sistimu imelala. Mhudumu akanituliza kwamba rekodi "itajirekebisha yenyewe". Miezi minne ilikuwa imepita na haikuwa imejirekebisha.

Ukiwa na barua safi, peleka lalamiko kwa kila kampuni ambayo ripoti yake ina kosa. Ambatisha barua, risiti na nakala ya kitambulisho, na utaje ile namba ya akaunti. Nakala ya lalamiko hilo mtumie mkopeshaji pia siku hiyo hiyo. Kampuni ya rekodi humuuliza mkopeshaji kwanza, na mkopeshaji asiposukumwa hukaa kimya. Chukua namba ya lalamiko, maana bila hiyo kila ukipiga simu unaanza hadithi upya.

Kuna vijana WhatsApp wanaoahidi kulifuta jina lako kwa ada. Hawawezi. Taarifa ya kweli haifutwi kwa pesa. Historia ya kuchelewa hubaki miaka 5 tangu siku ulipomaliza kulipa. Kinachobadilika ni kwamba sasa inasomeka umelipa, na anayekukopesha huanza kuangalia ulivyolipa baada ya hapo.

Hapo ndipo unajenga upya. Mimi nilichukua mkopo mdogo wa Sacco ambao hata sikuuhitaji sana, nikawa nalipa siku tatu kabla ya tarehe, kwa sababu malipo ya simu nayo yana siku zake za kupotelea njiani. Usiombe kwenye programu tano wiki moja: kila mkopeshaji anayechungulia ripoti yako huacha alama, na mkopeshaji wa sita ataona unahangaika.

Cheti cha CRB, ile karatasi ya kuonyesha kwamba huna deni sugu, kiache cha mwisho, ukinunue wiki unayokihitaji. Waajiri hutaka cha karibuni. Cha kwanza nilikinunua mapema kwa bidii zangu, kikazeekea kwenye bahasha kabla sijaitwa usaili hata mmoja.