Mali imehama au bado? Namna ya kusoma hati ya mauziano ya Kirumi

Nafundisha sheria ya Kirumi na sehemu wanafunzi wanakwama ni ileile: wakisoma kwamba fulani kamuuzia fulani, wanaamini mali ishakuwa ya mnunuzi. Sivyo. Kwa Warumi mauzo yenyewe, emptio venditio, yanazaa madeni tu, huyu anadaiwa kitu na yule anadaiwa hela, umiliki unahama kwa tendo lingine kabisa. Sasa tulitafute hilo tendo.

Hatua ya 1: jiulize ni kitu gani kinauzwa. Kuna res mancipi: ardhi ya Italia, watumwa, ng'ombe, farasi, nyumbu, punda, na haki za shambani kama njia ya kupita kwa jirani. Vilivyobaki vyote ni res nec mancipi, yaani hela, nguo, nafaka, mbuzi. Gaius, mwanasheria wa karne ya 2, anasema hata tembo na ngamia wako huku kwenye vilivyobaki ingawa wanabeba mizigo, kwa sababu kundi la kwanza lilipowekwa wanyama hao hata majina yao hayakujulikana. Hapo unaona kabisa ilikuwa sheria ya wakulima.

Hatua ya 2: tafuta tendo. Res nec mancipi inatosha traditio, kukabidhi, ilimradi kuna iusta causa, sababu halali kama mauzo au zawadi. Si lazima ubebe mzigo, ukipewa funguo za ghala hapohapo ghalani imetosha.

Res mancipi inataka mancipatio. Wanakuja mashahidi wasiopungua 5, raia wa Kirumi waliobalehe, na mwingine wa kushika mizani ya shaba, libripens. Mnunuzi anamshika mtumwa kwa mkono, anatamka kuwa huyu ni wangu kwa sheria ya Waquirites (yaani raia wa Kirumi) na nimemnunua kwa shaba hii na mizani hii, afu anagonga mizani kwa kipande cha shaba na kumpa muuzaji kana kwamba ndo bei. Angalia nani anaongea! Anayepokea ndo anadai, anayetoa yuko kimya. Njia nyingine ni in iure cessio, mnaenda kwa praetor, ofisa mkuu wa mahakama, mpokeaji anadai kitu ni chake, mwenye nacho hapingi, praetor anampa mdai.

Hatua ya 3: kama tendo halikulingana na kitu. Ng'ombe amekabidhiwa tu bila mizani? Muuzaji bado ni dominus ex iure Quiritium, mmiliki kwa sheria ya raia, mnunuzi anaye in bonis tu, yaani kati ya mali zake bila umiliki kamili, ila praetor anamlinda, na muda ukipita anakuwa mmiliki kamili kwa usucapio: mwaka 1 kwa vitu vingine, 2 kwa ardhi, tangu Sheria za Meza Kumi na Mbili, sheria za kale za Roma zilizoandikwa (451-450 KK). Kitu cha wizi hakihami kwa njia hii hata kama aliyenunua alikuwa na nia njema.

Hatua ya 4: fanya zoezi. Kuna vibao vya nta vilivyopatikana Alburnus Maior, kwenye migodi ya dhahabu ya Dacia, Romania ya leo. Kimoja ni cha 17 Machi 139: Maximus kamnunua binti mtumwa anaitwa Passia, umri kama miaka 6, kwa dinari 205. Maneno yenyewe ni emit mancipioque accepit. Emit, alinunua, ndo mauzo; mancipio accepit, alipokea kwa mancipatio, ndo umiliki. Tena muuzaji anaahidi kulipa mara mbili kama mtu mwingine akimchukua mtoto kwa haki. Majina yao yanaonyesha hawakuwa raia wa Kirumi, kwa hiyo mancipatio haikuwa yao, waliazima tu maneno yenye uzito. Na usipite haraka hapo, mtoto wa miaka 6 yuko kundi moja na punda, hayo maneno yote mazuri yalikuwa kwa ajili ya hilo.

Hatua ya 5: cheki tarehe. Kaisari Justinian alifuta tofauti ya res mancipi mwaka 531, na Digesta, mkusanyiko wake wa maandishi ya wanasheria wa zamani, ilipotoka 533 mancipatio ilikuwa imeondolewa, mara nyingi ikawekwa traditio. Ukikuta humo mwanasheria wa karne ya 2 anahamisha mtumwa kwa traditio, shuku, afu linganisha na Gaius, ambaye maandishi yake mwanahistoria Niebuhr aliyakuta Verona mwaka 1816 bila kuguswa na watu wa Justinian.