Kiangazi cha Cedar Rapids si kile cha Kigoma: namna ya kuishi wiki moja ya Julai

Kila ikifika Juni simu yangu haitulii. Familia imetua juzi usiku, imepewa ghorofa ya tatu, watoto hawalali, na mama wa familia hiyo ananiuliza, "Dada, si tuliambiwa Marekani ni barafu?" Mimi nimezaliwa Uvira, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu mkoani Kigoma, na hapa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, niko tangu 2016. Nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Haya ninayowaeleza kwa simu mmoja mmoja, leo nayaandika yote.

Kwanza toeni kichwani neno kiangazi. Kule Kasulu, Julai ni vumbi, majani makavu, na mvua unaisubiri miezi. Hapa joto na mvua huja pamoja. Upepo wa kusini unapanda na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko, na hakuna safu ya milima mirefu njiani ya kuuzuia. Upepo wa kaskazini-magharibi unashuka kutoka Kanada ukiwa mkavu na wa baridi kidogo. Zikikutana pepo hizo mbili juu ya vichwa vyetu, ndipo ngurumo. Kwa hiyo wiki nyingi za Julai zinafanana: siku tatu au nne joto linajijenga, usiku mmoja linapasuka, siku mbili za raha, kisha linaanza upya. Ukishaujua mzunguko huo, utajua lipi la kufanya leo na lipi la kuliacha mpaka kesho kutwa.

Na mahindi nayo yamo. Iowa ni mashamba ya mahindi pande zote, na kila ekari moja, mahindi yakishakomaa majani, inatoa hewani lita kama 11,000 hadi 15,000 za maji kwa siku. Wenyeji wanasema mahindi yanatoka jasho. Ukitoka nje ya mji asubuhi utaona ukungu umelala juu ya shamba kama mvuke juu ya sufuria ya ugali.

Sasa namba. Simu yako itakuonyesha joto kwa Fahrenheit. Njia ya haraka ya kuigeuza iwe Selsiasi tuliyoizoea: toa 30, gawa kwa mbili. 90 inakuwa 30. Hesabu kamili ni 32, lakini kwa kuamua nguo za mtoto inatosha. Ila namba hiyo si ya kutegemea peke yake. Tafuta pale chini palipoandikwa "dew point", yaani kiwango cha umande. Hiyo inakuambia hewa imebeba maji kiasi gani. Ikiwa chini ya 60, utapumua vizuri hata jua likiwa kali. Ikifika 65, nguo zinaanza kunata. Ikipita 70, jasho halikauki mwilini, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Hapo ndipo hatari ilipo. Siku ya joto la 96 na unyevu wa asilimia 50, mwili unasikia kama 108, yaani nyuzi 42 zetu. Mtu aliyezoea jua la Kigoma anasema, "Mimi joto nalijua." Joto kavu analijua. Hili la maji ni jingine, na linawaangusha vijana wenye nguvu zao.

Kama huna simu nzuri, tumia kitenge. Mimi naanika kitenge kimoja barazani saa tatu asubuhi. Siku ya hewa kavu, saa tano kimekauka na kinatoa sauti ukikikung'uta. Siku ya hewa nzito nakirudisha ndani jioni na pindo bado lina ubichi, na chumvi mezani imeganda bonge moja. Nikiona hivyo, mipango ya siku hiyo naibadilisha.

Tuje kwenye nyumba, maana hapo ndipo wengi mnapokosea. Kwetu joto likija tunafungua milango yote. Hapa, siku ya joto zito, fungeni. Asubuhi na mapema, kabla ya saa mbili, funga madirisha na teremsha mapazia. Dirisha linalotazama magharibi lipe blanketi la rangi nyeupe au shuka nene, kwa sababu jua la Julai hapa linazama saa mbili na dakika arobaini usiku. Ndiyo, usiku kwa saa yetu, na bado kunaonekana. Kuanzia saa tisa alasiri mpaka giza, dirisha hilo linapigwa na jua karibu saa sita mfululizo. Chumba chetu cha watoto kilikuwa hakilaliki hata kidogo. Blanketi moja la pamba, lililobanwa kwa vibanio vya nguo, lilikifanya kilalike.

Kiyoyozi cha dirishani kikiwepo, kiweke 78 na ukiache hapo. Kukiteremsha mpaka 65 hakupozi nyumba haraka zaidi, kunaongeza bili tu. Chomoa kile kichujio cha mbele kila baada ya wiki mbili, kioshe kwa maji, kikaushe, kirudishe. Kikijaa vumbi, mashine inanguruma bila kupoza. Feni ni nzuri, lakini chumba kikishapita 95 feni inakupulizia moto. Usimwachie mzee au mtoto mchanga feni peke yake ukadhani umemsaidia. Kama kiyoyozi kimekufa na ofisi ya apatimenti inasema fundi atakuja Ijumaa, msikae mkisubiri mmelowa. Nendeni maktaba ya mji, ile mpya iliyofunguliwa 2013 baada ya ya zamani kuharibiwa na mafuriko ya 2008. Kuna baridi, kuna vitabu vya watoto, na kuingia ni bure.

Siku ya kilele, tuseme Jumatano, kazi za nje fanya kabla ya saa nne asubuhi. Kunywa maji kabla ya kiu. Wanaofanya kazi za paa au shambani, tengenezeni ule mchanganyiko tuliofundishwa kambini kwa watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtu akianza kubanwa misuli, kutoka jasho jingi na kuona kizunguzungu, mpelekeni kivulini, alegezwe nguo, anywe taratibu. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au mwili ukawaka moto, au akazimia, piga 911, namba ya dharura, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Wakati mnasubiri, mwekeeni vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Msimnyweshe kwa nguvu.

Mtoto asiachwe ndani ya gari, hata kwa dakika unazolipia mkate. Dakika kumi zinatosha kupandisha joto la ndani karibu nyuzi 20 za Fahrenheit. Sitaki kusikia "nilikuwa narudi sasa hivi".

Na wazee. Kazini kwangu naona kila siku kwamba mzee hasikii kiu. Unamuuliza, anasema sijambo, na midomo imepasuka. Julai 1995 joto la siku chache liliua watu zaidi ya 700 mjini Chicago, saa nne tu kwa gari kutoka hapa, na wengi walikuwa wazee waliokaa peke yao, milango imefungwa. Sisi kwetu hatukai hivyo, basi tusijifunze kukaa hivyo. Mgongee bibi wa mlango wa jirani, hata kama hamwelewani lugha. Mpelekee maji ya baridi, umtazame usoni.

Sasa dhoruba. Kwenye simu kuna maneno mawili msiyachanganye. "Watch" maana yake hali ya hewa inaruhusu dhoruba: chaji simu, jua watoto wako wapi. "Warning" maana yake dhoruba imeonekana au imeshafika: ingia ndani sasa. King'ora cha mji kikilia, teremka besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi. Kama hakuna, ghorofa ya chini kabisa, bafuni au korido ya katikati, mbali na vioo. Vaa viatu. Hilo la viatu nimelijifunza kwa miguu yangu.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 10 Agosti 2020, saa sita na nusu mchana. Nilikuwa nimetoka shifti, nimelala. Binti yangu akaniamsha: "Mama, kumekuwa usiku." Upande wa magharibi anga lilikuwa jeusi lenye ukijani. Hakuna simu iliyolia, kwa sababu wakati ule onyo la dhoruba ya upepo halikuwa kati ya yale yanayolia kwenye simu zote. Tangu Agosti 2021, dhoruba yenye upepo wa maili 80 kwa saa inalia. Tuliingia bafuni watu watano, mgongo kwa mgongo, godoro juu. Upepo ulipiga karibu dakika arobaini na tano bila kuvuta pumzi. Wataalamu walikadiria baadaye kuwa ulifika maili 140 kwa saa. Wanauita derecho, neno la Kihispania lenye maana ya kunyooka, na aliyelitumia kwanza kwa upepo wa aina hii ni Gustavus Hinrichs, profesa wa hapa hapa Iowa, mwaka 1888. Tulipotoka, sebule yetu ilikuwa wazi juu, na mimi nikakanyaga vioo peku. Tulilala nje usiku tano.

Katika siku zile nusura tupoteze watu kwa jambo ambalo si upepo. Umeme hakuna, mvua inanyesha, jirani akaingiza jiko la mkaa koridoni apike maharage. Baada ya muda watoto wanne wanalia kichwa, mmoja anatapika. Nyumba za hapa zinafungwa kabisa, hazina matundu kama za udongo. Mkaa unatoa hewa isiyonuka wala kuonekana, na inaua mtu usingizini. Jiko la mkaa ni la nje, mbali na dirisha. Jenereta vilevile. Friji isiyofunguliwa inatunza chakula saa nne tu. Friza iliyojaa, saa 48. Nyama ikipita hapo, itupeni hata kama roho inauma.

Radi pia: ukisikia ngurumo, umeshafikiwa. Toka uwanjani, toka bwawa la kuogelea, usisimame chini ya mti. Na maji yaliyofunika barabara msiyavuke kwa gari.

Asubuhi baada ya dhoruba utaamka na kusikia ngozi yako imekauka. Kiwango cha umande kimeshuka mpaka 55, anga la buluu tupu. Hapo ndipo fungua madirisha yote. Anika magodoro. Osha kichujio. Peleka watoto bwawa la Noelridge, kisha bustanini ukang'oe magugu kwenye lengalenga, ambalo katika joto hili linaota kuliko kwetu. Jioni vimulimuli vinawaka kwenye nyasi, waacheni watoto wakimbize. Siku nyingine anga linakuwa na weupe usioeleweka na jua ni jekundu: ni moshi wa misitu inayoungua Kanada, kama Juni 2023. Siku hiyo mwenye pumu abaki ndani na madirisha yafungwe, hata kama hewa ni baridi.

Kabla ya kulala Jumapili natazama bendera ya shule iliyo ng'ambo ya barabara. Ikipepea kuelekea kaskazini, upepo wa kusini umerudi. Nafunga madirisha, naweka pawabenki kwenye chaji, na lile blanketi la magharibi linarudi mahali pake.