Bunduki Marekani: anza na karatasi zako, jimbo baadaye

Ukihamia Texas hutakosa jirani wa kukuambia kwamba huko bastola haihitaji kibali. Ni kweli kwa kiasi: tangu Septemba 2021, mwenye miaka 21 na kuendelea anaweza kuibeba bila leseni, mradi hana kizuizi kingine cha kisheria. Kizuizi chenyewe mara nyingi hakitoki Texas, kinatoka serikali ya shirikisho, na jirani mzaliwa wa pale hana sababu ya kukijua.

Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo, kazi au matembezi, haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi. Asiye na karatasi, hali kadhalika. Mwenye green card na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wanaruhusiwa. Kwa mwenye viza, mlango unaotumika sana ni leseni ya uwindaji ya jimbo, isiyokwisha muda. Hana hiyo, akaenda na wenzake uwanja wa shabaha, akakodi bastola na kuweka picha kwenye status ya WhatsApp? Amejitolea ushahidi mwenyewe. Adhabu inafika miaka 15 jela.

Usimtume binamu mwenye green card akununulie. Dukani atajaza fomu namba 4473, inayouliza kama yeye ndiye mnunuzi halisi. Akidanganya, mmenaswa wote. Na aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mkewe, hata kama liliitwa kosa dogo, asijisumbue kwenda.

Majimbo nayo kila moja na lake. Maryland wanataka alama za vidole na mafunzo kabla hujanunua bastola. Massachusetts leseni unaiomba kwa polisi wa mji wako, na bila hiyo hata kuiweka nyumbani ni kosa. Minnesota kibali cha kubeba hutolewa na sherifu. Usajili wa bunduki yenyewe majimbo mengi hayana. Hawaii wanasajili zote.

Ninaowahofia zaidi ni madereva wa malori. Unaondoka Dallas na bastola yako halali, ukiingia New Jersey ruhusa ya Texas haina kazi. Mwaka 2013 mama mmoja wa Pennsylvania, mwenye kibali cha kwao, alisimamishwa New Jersey kwa kosa la barabarani, akamwambia askari ukweli kwamba ana bastola. Alikamatwa, na kilichomwokoa ni msamaha wa Gavana Chris Christie mwaka 2015.

Sheria ya shirikisho ya 1986 humlinda anayepita tu, kama silaha ni halali atokako na aendako, haina risasi ndani, na haifikiki kutoka kwenye kiti. Lori halina buti, basi iwe kwenye kasha lenye kufuli. Kidroo cha dashibodi hakihesabiki hata ukikifunga. Soma na mkataba wa kampuni, maana nyingi zinakataza silaha garini.

Ukishakamatwa, usikubali haraka kukiri "kosa dogo" ili ulale nyumbani. Hatia ya silaha inaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye green card wa miaka 20. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2010 katika kesi ya Padilla, wakili wa jinai anawajibika kukueleza hatari hiyo. Muulize kabla hujasaini, na akibabaika, tafuta wakili wa uhamiaji.