Kutoa menifoldi ya hewa ya Corolla 110 bila kushusha injini

Fundi akikwambia lazima injini ishuke, mwambie ashushe bei kwanza. Kwenye injini ya 5A-FE menifoldi ya hewa (bomba lenye matawi linalogawa hewa kwa silinda) iko nyuma, upande wa dashibodi. Eksosi iko mbele. Tatizo ni nafasi ya mkono tu.

Injini ipoe kabisa. Chomoa relei ya pampu ya petroli, piga starta hadi presha ya petroli iishe, kisha fungua waya hasi wa betri. Mwaga maji ya rejeta, maana kuna mipira midogo ya maji inayoingia kwenye throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Ondoa bomba la hewa, waya wa eksileta na soketi za umeme. Mipira ya vakyumu (ya kunyonya hewa) ifunge utepe wa karatasi, andika namba pande zote mbili. Picha ya simu peke yake haitoshi.

Kazi yenyewe iko chini. Menifoldi imeshikwa na bati nene linaloegemea bloku, na ukiwa juu hulioni. Inua gari, weka stendi (jeki usiiamini), ingia na ekstensheni ndefu. Wengi hulisahau hilo bati, wakavuta kwa nondo mpaka alumini ikapasuka.

Bolti zinazoishika menifoldi kwenye hedi ni spana 12; bolti za hedi yenyewe usiziguse. Legeza kutoka pembeni kuja katikati. Ziba matundu ya hewa kwenye hedi kwa kitambaa safi kabla ya kukwangua gasketi.

Gasketi mpya ikae kavu, silikoni hapana. Kaza kutoka katikati kwenda pembeni kwa spana ya torki, Nm 19. Ukiwasha ukasikia mluzi, huenda kuna mpira wa vakyumu hujaurudisha.