Kupiga picha za watu wanaocheza ukumbini

Kwa anayeanza na kamera ya kubadilisha lenzi na tayari kaombwa apige harusi ya jamaa: wanakamati wakianza kuingia na kwaito, toka kwenye Auto. Zungusha gurudumu la juu hadi S (kwenye Canon ni Tv), weka kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera linakaa wazi) 1/500 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iache Auto yenye kikomo cha 6400. Basi. Auto bila flashi ikiona giza hupunguza kasi ya shata hadi 1/60 au chini ya hapo, ndiyo maana sura inatoka safi na mikono inatoka kama moshi. Ukiibana kasi, kamera inalazimika kutafuta mwanga kwingine: inafungua lenzi hadi mwisho na kupandisha ISO. Chengachenga za ISO kubwa zitakuwepo, ila hizo programu ya kuhariri picha inazipunguza. Picha iliyotikisika haina dawa.

Namba ya f (upana wa tundu la lenzi; namba ndogo ni tundu kubwa) ikiwaka na kuzima, mwanga hautoshi. Shuka hadi 1/250, na kama lenzi ni ile 18-55 iliyokuja na kamera, usivute zumu, sogea wewe. Kwenye 18 inafunguka hadi f/3.5, kwenye 55 inaishia f/5.6: zaidi ya nusu ya mwanga imepotea.

Mbinu hii inagoma kwenye taa za LED za bei poa. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kwa 1/500 unaweza kukuta mikanda ya giza imekatiza picha. Hapo rudi 1/100, ubonyeze mchezaji akiwa juu kabisa ya mruko, kabla hajaanza kushuka.